Daftari la Tano la Babu

Al-Suwaidi, Riyadh

Kaka yangu Athumani,

Salamu nakupa kwanza, hata kama nina hasira nawe. Presha ya mama imeshuka? Na goti lake? Mimi mzima. Ikama, kibali changu cha kukaa huku, imefanywa upya, na kwenye lile jengo la Olaya sasa nasimamia wasafishaji ishirini na wawili, ghorofa tisa. Nilianza na ndoo moja, wajua.

Sasa tuje kwenye madaftari ya babu. Ulinipigia simu ukasema umempa Bwana Nassor, karani wa bandari ya Jeddah, alipokuja likizo Mombasa, yote saba akayasome. Ni yale aliyoandika babu baina ya vile vita viwili vikuu: siri zake, mashairi yake, habari za marafiki zake washairi. Hukuniuliza, kana kwamba mimi si mjukuu.

Nikamwomba bosi siku mbili, nikapanda basi mpaka Jeddah. Bwana Nassor na mkewe walinipokea vizuri, wakanitilia kahawa. Sikuigusa. Nilihesabu kwanza: daftari la kwanza lina mashairi arubaini na moja, na katika kumi na tisa, ubeti wa mwisho wamtaja Shee Mbwana, babu yake Nassor, kuwa ndiye mtunzi. Nikamwambia usoni kwamba ameyachomeka yeye ili aseme ni ya kwao.

Akaniletea daftari la Shee Mbwana mwenyewe. Humo mna mwandiko wa babu yetu, na jina lake kwenye tamati. Kumbe ndiyo desturi yao: mmoja akitunga, humpelekea mwenziwe daftari zima, naye hujibu humo humo kwa mkono wake, mizani kwa mizani. Hata siri walisomeana. Babu ameandika kwamba Shee Mbwana ndiye pekee asiyemsifu bure. Miandiko ni miwili, waziwazi, nami kwa hasira sikuitazama. Niliona haya, nikamtaka radhi.

Lakini madaftari yalikuwa sita.

"Mimi nilipewa sita, dada," akasema. "La saba muulize aliyenipa."

Sikumwamini yeye pia. Nikafungua ile picha uliyonitumia siku ya kumkabidhi. Sita. Babu aliyatia namba majalada. Lisilokuwepo ni la tano. Mwisho wa la nne babu asema anangoja shairi la harusi kutoka kwa mwenziwe Shee Mbwana. Mwanzo wa la sita asema mji mzima unaliimba, beti zote kumi na nne.

Hilo ndilo unalolisoma redioni kuwa la babu, na ndilo la kwanza katika kitabu cha mashairi ya babu unachokipeleka chapani mwezi ujao. Rekodi yako nimeisikiliza mara tatu, nikihesabu kwa vidole. Kaka, wewe husoma beti kumi na tatu.

Bwana Nassor hajui kuhusu kitabu. Sikumwambia, kwa sababu wewe ni ndugu yangu, na nataka ulete maneno yako kwanza.

Nisalimie mama, wifi yangu mkeo, na mjomba mshona kofia, mwambie kitambaa nimepata. Shangazi aliyetufundisha kusoma miandiko ya babu mpe mkono wangu, kisha umuulize kama daftari hilo amelikalia yeye.

Na wewe nitumie picha ya ubeti wa kumi na nne. Nione jina la nani limo, kabla mchapishaji hajauona.

Dada yako,
Zuhura