Kitambaa cha Maji Baridi

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumatano asubuhi

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko, na kile kikohozi kimekuachia? Sisi tunajikongoja. Magoti yananisumbua, ila hayajanizuia kupanda ngazi za hospitali.

Najua unataka habari za mwanao kabla ya magoti yangu. Anaongea, anakula, na mguu bado anao. Kama atabaki nao, hatujui.

Nikueleze vizuri, maana kwenye simu niliharakisha. Ile mashine ya karakana ilimchuna muundi hadi mfupa ukabaki wazi. Daktari akachukua nyama na ngozi ya pajani, pamoja na mishipa yake ya damu, akaihamishia pale. Si kiraka cha nguo, kwamba ukishashona kingo umemaliza. Lazima damu ipite, kwa hiyo mishipa huungwa chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mwanao alipozinduka akaniuliza, "Mjomba, sasa muundi ukiniwasha nijikune paja?" Tulicheka mpaka muuguzi akatukemea.

Chumba chake hutiwa joto makusudi, kwa kuwa baridi hubana mishipa. Siku tuliyoelezwa hayo, mama yake mdogo, Kibiriti, hakuwepo. Jumatatu akamkuta mtoto anatiririka jasho. Kwa huruma akalowesha kitambaa kwa maji baridi, akamfunika nacho mguu. Muuguzi alipokuja na kile kidude cha kusikiliza damu, kimya. Nyama ilikuwa imepauka.

Walimrudisha chumba cha upasuaji, wakatoa damu iliyoganda, wakaunga upya. Sasa inasikika, lakini kwa unyonge. Ikikatika tena, huenda akakatwa chini ya goti.

Daktari anasema damu ingeweza kuganda hata bila kitambaa. Nimemweleza Kibiriti hadi nimechoka. "Kaka, usinibembeleze," ananijibu. "Dada nitamtazama kwa macho gani?" Anafua nguo za mgonjwa, anazileta, anaishia ngazini. Na mwanao ameanza kudhani mama yake mdogo anaona kinyaa mguu wake.

Mguu tumewaachia madaktari. Kibiriti ni wako. Mpigie leo, kabla hatujajua lolote. Ukingoja habari njema, atadhani ni mguu uliomsamehe, si wewe.

Msalimie shemeji na wale pacha. Mungu akulinde, akupe na usingizi, maana najua huupati.

Wako akupendaye,
Kaka yako