Harusi Niliyoiharakisha

Goreti wangu,

Nakuandikia nikiwa shuleni Mushasha, hapa Gitega. Wanafunzi wametoka, darasa limebaki na vumbi la chaki. Nianze na linalonitafuna: hadithi yetu nimeimaliza bila wewe, na nilifurahi nikiimaliza.

Unakumbuka ilikoanzia. Kambini Tanzania, kwenye foleni ya bomba, mimi nikisimulia, wewe umeshika ndoo zote mbili ili mikono yangu iwe huru. Wakati ule nilipenda kuwaua wapenzi mwishoni. Niliona ndiyo usomi. Ukanitisha: "We Jaklini, ukimuua huyu kijana, maji utabeba mwenyewe!" Ulitaka mwisho mwema, lakini usiwe wa bure. Wapite hatarini kwanza, na msichana ajiokoe kwa akili yake.

Basi baada ya kukuzika nilirudi Gitega nikaandika hivyo. Imelda, msichana wetu wa hadithi, akatoroka kwenye ghala la kahawa alimofungiwa na wafanya magendo. Kaka yake akapigwa risasi akimkinga, akafa. Silvestri, mpenzi wake, akamkuta kwenye barabara ya Ryansoro, miguu inavuja damu. Wiki iliyofuata nikawaozesha. Nilimvika Imelda imvutano nyeupe, vazi la bibi harusi wa kwetu, nikaleta ngoma, nikaleta shangwe. Niliandika nikitabasamu, Goreti. Na udongo wa kaburi lako haujakauka.

Nikaenda Gasorwe kumsomea mama yako, nikidhani nampelekea zawadi. Alikuwa anachambua maharage. Alisikiliza vizuri mpaka kwenye harusi, mikono ikasimama.

"Huyu musichana, si kaka yake amekufa juzi tu?"

Nikasema ndiyo.

"Na anaolewa? Kwao hawana kuganduka?"

Nyumba iliyofiwa haifanyi harusi kabla ya kuganduka, kabla ndugu hawajakutana kuondoa msiba. Hata mtoto mdogo wa kwetu anajua. Mama yako akacheka kidogo, akanitazama. "Eh, mwalimu! Ulikuwa unakimbilia wapi?"

Najua nilikokuwa nakimbilia. Nilitaka msiba uishe. Wako. Nilimfukia kaka wa Imelda harakaharaka ili nifike kwenye ngoma, maana kukaa na wewe ukiwa huna sauti kulinishinda. Nisamehe.

Harusi nimeifuta. Sasa inaisha hivi: Imelda yuko nyumbani kwao, waliomsaka wamekamatwa. Silvestri amekuja kukaa na wafiwa kama jirani yeyote. Yuko kwenye mkeka pamoja na wajomba, haombi kitu. Imelda anapita na kikombe cha uji, anampa wa kwanza, kabla ya wajomba, na wajomba wanajifanya hawakuona. Kisha anaegemea ukuta, anapata usingizi wa mtu asiyewindwa tena. Basi. Nilipousoma mwisho huu, moyo ulitulia kuliko na ile harusi yote.

Wasichana wa bweni wananilaumu. "Madamu, na imvutano je? Tumengoja bure?" Nimewaambia wavumilie, kama wanavyovumilia watu wa kwa Imelda.

Nawe nakuahidi. Siku tutakapoganduka kwa ajili yako, ndugu wote wameketi, nitasimama mbele ya mama yako nisome harusi ya Imelda kwa sauti kubwa. Mpaka siku hiyo sikukimbii. Pumzika, rafiki yangu. Nakulilia polepole, kama inavyopasa.

Jaklini wako