Koti Msumarini

Jumatatu, 8 Machi 1993. Migori

"Ni koti tu, si mtu." Haya ni maneno ya kaka yangu Zakaria, aliyoyasema jana Lambwe akinisindikiza barabarani. Mzee wa kanisa, anayeandaa meza ya Bwana kwa mikono yake. Basi nimjibu hapa. Kama ni koti tu, kwa nini mashamba ya boma zima yanalisubiri? Kitu kisicho kitu hakiwezi kufunga jembe. Ama lina nguvu, na wewe unaiabudu nguvu hiyo, ama halina, na wewe ni mwoga. Chagua, Zakaria.

Asubuhi ofisini kama kawaida. Mvua imeanza vizuri. Mimi ni bwana shamba wa Suna. Mshahara wangu ni wa kusema neno moja: panda na mvua ya kwanza. Nimelisema leo kwa kila aliyepita mlangoni.

Kwetu hakuna aliyepanda. Baba alitutoka mwaka jana, kabla ya uchaguzi. Kwa mila, mama ndiye atiaye mbegu ya kwanza ardhini. Kabla yake wake za wanawe hawagusi mbegu. Na mjane hafungui kupanda mpaka arithiwe na mwanamume wa ukoo. Akiwa mjane kijana, ni mwanamume mzima kitandani. Akiwa na umri wa mama, inatosha koti la mwanamume litundikwe msumarini nyumbani mwake lilale humo. Hiyo tu. Mwenye koti ameshapatikana: Ondiek, binamu ya baba. Hana meno ya mbele, na pombe ya changaa imemzoea kuliko yeye alivyoizoea.

Mama amekataa. "Nilimzika mume mmoja. Sina mwingine wa kumtafutia msumari."

Nilitaka kupiga makofi.

Jumamosi, 13 Machi

Sabato. Mahubiri: chai. Saa nzima mchungaji amepambana na majani ya chai. Waumini walioinywa asubuhi waliinamisha vichwa.

Baada ya ibada nikamfuata, nikamweleza habari za mama. Nikamwomba aje Lambwe aseme na Zakaria mbele ya wazee, aseme wazi kwamba mjane wa Kristo hahitaji koti. Akanishika bega. "Ndugu Elisha, utamaduni una hekima yake. Usivunje nyumba ya baba yako kwa sababu ya koti."

Chai ni dhambi. Koti ni utamaduni. Nitaikumbuka theolojia hii.

Peres, mke wangu, alisikia yote. Tulipofika nyumbani akapakua chakula, akasema gunia la mahindi la mwisho kutoka Lambwe limefika chini. Najua alichokuwa anasema.

Jumatano, 17 Machi

Baraza la chifu, Masara. Watu wametoka kwenye mashimo ya dhahabu na matope mekundu mpaka kwenye nyusi. Chifu alianza. "Mliambiwa mpigie nani kura, mkakataa. Mbegu za serikali mnazitaka za nini? Kuleni kura zenu." Akacheka peke yake. Kisha akanigeukia: "Bwana Shamba, wape ushauri."

Kusimama kando ya mtu kama huyo ni aibu inayoingia nguoni kama moshi. Nikasimama. Nikasema juu ya nafasi kati ya mashimo ya mbegu, samadi, kupanda mapema. Ndipo mwanamke mmoja muuza omena, dagaa wa ziwani, mzaliwa wa Lambwe, akainuka.

"Bwana Shamba, omera, ndugu yangu, unatukimbiza hivi, na kwenu? Nimepita kwenu juzi. Ama mahindi yenu siku hizi yanaota kwa imani?"

Baraza lote likaangua kicheko. Hata chifu. Hasa chifu.

Mimi, ambaye nimegombana na maaskofu kwenye kurasa za magazeti, nimeangushwa na muuza omena.

Jumapili, 21 Machi. Lambwe

Nimekuja na jembe jipya na mbegu, nimeamua kupanda mwenyewe. Nani atanifunga? Nikaingia kwenye kipande changu kabla umande haujakauka. Sikuwa nimeinua jembe vizuri nikamwona mama akija, amejifunga leso kiunoni, fimbo mkononi. Akasimama mahali hasa nilipotaka kuchimba.

"Elisha, nyathina, mwanangu, weka chini."

"Mama, hii ni kazi ya ibilisi, wewe mwenyewe umeikataa."

"Nimekataa koti. Sijakataa kuwa mama. Mbegu ya kwanza ya boma hili ni yangu tangu baba yako anilete hapa. Ukinitangulia, utakuwa umenivua kuliko Zakaria anavyotaka kunivua."

Nikauliza basi anangoja nini. Akaonyesha kwa fimbo nyumba ya Zakaria. "Namngoja Rosebela."

Rosebela ni mke wa Zakaria. Mtoto wake wa mwisho anakohoa tangu Januari, amebaki mbavu na macho. Nikaenda kumwambia maneno yangu yote: kwamba chira, hiyo laana ya kuvunja mwiko inayomkausha mtu, si kitu, kwamba hospitali iko Homa Bay, kwamba Mungu hamuui mtoto kwa sababu ya msumari mtupu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtoto begani.

"Baba Yona, wewe una mshahara. Chira ikija haitapanda gari ikufuate Migori. Itamkuta huyu hapa. Mama akipanda bila koti na huyu akafa, wewe utaandika gazetini. Mimi nitazika."

Nimerudi Migori na jembe langu jipya, halina hata udongo.

Jumanne, 23 Machi

Wakulima wamejaa kwenye mabenchi ya ofisi kuulizia mbegu. Mkubwa wetu hayupo. Lakini koti lake lipo, kwenye mgongo wa kiti, kama kila siku. Karani anawaambia, "Mkubwa yuko karibu, koti lake si mnaliona?" Nao wanalitazama kupitia mlangoni kwa heshima. Mkubwa anajenga nyumba Kisii. Kila mtu anajua. Koti linapokea salamu.

Nikatoka nikawaambia, "Nendeni nyumbani, wazee. Hilo ni koti."

Kumbe Lambwe na serikali ni boma moja. Mwenyewe haonekani, nguo yake imetundikwa, na watu wazima wameacha majembe wanaingoja.

Jumatano, 24 Machi

Mkubwa ameniita. Hakufoka. Alikuwa anachokonoa meno. "Elisha, mdomo wako utakupeleka Mandera. Huko hakuna mahindi, utashauri ngamia." Nimetia sahihi onyo.

Peres akaniuliza kama ningeweza kunyamaza kwa mwaka mmoja tu. Nikamwambia siwezi. Akasema, "Najua. Nilikuwa nauliza tu."

Jumatatu, 29 Machi

Mvua. Mvua. Mvua nzuri kuliko ya mwaka jana. Inanyesha juu ya shamba letu tupu, inaotesha magugu. Mahindi ya majirani Lambwe yameshachomoza yote, hivyo ndivyo alivyosema kondakta aliyeniletea salamu. Salamu za mama: mzima, anaomba. Salamu za Zakaria: hakuna.

Nimemwandikia mhariri juu ya wachungaji na makoti. Nimechana. Nikaandika tena. Nimechana tena. Nani atamwambia Rosebela kwamba nimeshinda kwa hoja?

Jumamosi, 3 Aprili. Lambwe

Nilifika jana ili nishike Sabato na mama. Asubuhi tukaenda kanisani, polepole, goti lake linamsumbua. Zakaria alituambia tutangulie. Alisema ana homa. Mzee wa kanisa mwenye homa siku ya Sabato, nami nikamwonea huruma! Mjinga mimi.

Tumerudi. Mama ameingia ndani, mimi nyuma yake. Koti lilikuwa ukutani, kwenye msumari wa kofia ya baba. Kofia ilikuwa imewekwa juu ya kiti. Koti la Ondiek, la kijivu, kiwiko kimetoboka, linanuka tumbaku. Uani, Zakaria amekaa na Ondiek mwenyewe, wanakula kuku. Siku ya Sabato wamechinja kuku.

Nikatoka. Sitaandika nilichomwambia kaka yangu. Nilimwita mwizi na nilikuwa nachagua maneno. Yeye akaniambia, mdomo ukiwa umejaa, "Limeshaingia. Liwe limeingia kwa mlango au kwa dirisha, limeingia. Kesho watu wapande." Ondiek akainua mikono, "Mimi usinigombeze, mwanangu. Nimeahidiwa kuku, nimekula kuku. Koti nilipewa ahadi nitarudishiwa."

Nilirudi ndani nilitoe, nilitupe chooni. Mama akaniambia niliache. Alikuwa ameketi, ameshika kofia ya baba mapajani, anapangusa vumbi. Nilidhani amevunjika. Sijawahi kumchukia mtu kama ninavyomchukia Zakaria jioni hii, naye ni tumbo moja na mimi.

Jumapili, 4 Aprili. Lambwe

Niandike jinsi nilivyoona, kabla watu hawajaanza kunisimulia.

Asubuhi, mvua ya manyunyu. Baridi. Wanawake wa boma wamesimama barazani kwa Rosebela, mbegu kwenye vibuyu, wanangoja. Mlango wa mama ukafunguka. Akatoka amelivaa koti.

Amelivaa yeye. Mikono imekunjwa mara mbili, pindo linafika magotini. Kichwani, kofia ya baba. Mkono mmoja jembe, mkono mwingine kibuyu. Akapita katikati yetu. Hakumtazama Zakaria, hakunitazama mimi. Msumari nyuma yake ulikuwa mtupu, nilichungulia. Akaingia shambani, akachimba, akatia mbegu, akafukia kwa mguu. Akachimba tena. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini.

Ondiek ndiye aliyesema kwanza. "Na mimi nitavaa nini?"

Rosebela akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha nikaona analia. Akainuka, akamfunga mtoto mgongoni, akachukua kibuyu chake. Wengine wakamfuata.

Zakaria akaja pembeni yangu. "Unaona? Koti limelala ndani, mama amepanda. Mila imetimia." Nikamwambia mama ameivaa mila yake kama gunia la mvua, haikutimia, imeaibishwa. Tukabishana hapo kwenye matope, aya kwa aya, yeye na zake, mimi na zangu, mpaka mama akapaza sauti kutoka shambani:

"Ninyi wawili! Kwenye Biblia hamjapata mahali palipoandikwa jembe?"

Tukapanda. Sambamba, kila mmoja na mstari wake.

Mchana nilimuuliza kwa nini amelivaa. Nilitaka sababu, nilitaka kuiandika. Akasema, "Kulikuwa na baridi."

Jumatano, 7 Aprili. Migori

Uchungu haujaniisha. Nilitaka ushindi wenye jina. Nilitaka mama alichome koti mbele ya ukoo na mchungaji. Sasa Lambwe nzima inasimulia kwamba mila imefuatwa, na kanisani hapa wameshasikia kwamba mama alimshinda ibilisi. Kila upande unadai mama ni wake. Mchungaji ameniambia atamtaja katika mahubiri. Nikamwambia akimtaja nitasimama katikati ya ibada niseme alichonijibu nilipomwomba aje.

Peres anasema mama alimpa Rosebela usingizi, na yeye mwenyewe hakukubali kurithiwa na koti la mtu. Anasema hilo ni jambo kubwa kuliko gazeti. Nikanuna. Bado nimenuna.

Jumapili, 23 Mei. Lambwe

Palizi ya kwanza. Mahindi ya majirani yanatoa mbelewele, yetu yanafika magotini. Tumechelewa, na bwana shamba anajua maana yake: tutavuna kidogo, tutanunua unga kabla ya Krismasi. Hakuna hoja itakayorefusha mahindi.

Mtoto wa Rosebela anakaa mwenyewe sasa. Bado anakohoa. Dawa za Homa Bay, au maombi, au ni yeye mwenyewe tu. Siulizi.

Ondiek alikuja kudai koti. Mama akampa ndizi. Mama bado analivaa asubuhi akienda kukamua. Zakaria alipita, akanisaidia mstari mmoja wa palizi, akaenda. Tumesalimiana.

Kofia ya baba imerudi kwenye msumari wake.

Yona, na wewe Akinyi, mtakaofungua daftari hili baada yangu. Nikifa, mama yenu Peres apande siku mvua itakaponyesha. Siku hiyo hiyo. Mtu akija na koti, mpokeeni, mpeni kiti, mpeni uji. Mwambieni alivae, kuna baridi. Na mumpe jembe.