Wembe Ambao Sikupewa Kwenye Matanga Yako

Jirani Wekesa,

Umeniachia balaa. Mashine zako zote za kunyolea ndevu ziko kwangu sasa, chini ya kitanda, na mke wangu ameapa hafagii tena upande ule. Zile za shaba, ile ambayo ukizungusha mshikio kichwa chake hufunguka kama milango miwili, na makasha yake yenye mahameli iliyoliwa na nondo. Sikuziomba. Siku ndugu zako walipogawana vitu vyako kule kijijini, koti lilipata mwenyewe, redio ikapata mwenyewe, hata viatu vya huo mguu wako mpana vilipata mwenyewe. Lilipofunguliwa sanduku la mashine, kila mtu alirudisha mkono. Wembe wa marehemu, nani aushike? Shemeji yako akasema, "Mpeni Mutua. Wazimu wao ulikuwa mmoja."

Watu walicheka. Nami nilicheka, nikalibeba sanduku.

Kilichoniuma hasa kilitokea asubuhi ya siku hiyohiyo, na sina mwingine wa kumwambia. Wakati wa kunyolewa wafiwa ulipofika, nilijipanga nyuma ya wanao, mimi Mkamba peke yangu katikati ya Wabukusu. Baba yako mdogo alikuwa akigawa nyembe mpya, kila mtu na wake, maana huu ugonjwa wa siku hizi umewafundisha hata wazee tahadhari. Aliponifikia alinitazama, akasema kwa upole, "Wewe ni mgeni wetu. Kaa kivulini unywe chai." Akanipita. Simlaumu, mila ni mila. Nilikaa na wageni wenye nywele zao, nikanywa chai ambayo sikuisikia ladha yake.

Mgeni, Wekesa. Jumapili ngapi tumetoka kanisani moja kwa moja hadi soko la Gikomba, tukachutama kwenye lundo la vyuma na suti zetu? "Mashine bila kasha ni mtu bila kwao," ulikuwa ukisema, nami Jumatatu naenda karakana Pumwani kuichongea kasha la mpingo. Unakumbuka lile nililolichonga likabana mno, mashine ikanasa ndani? Tulimimina mafuta ya kupikia, tukachokoa kwa kisu, tukalipiga magotini kama watoto. Ukakataa nilivunje. Mpaka leo mashine imo humo, na harufu ya mafuta haijatoka.

Mwezi uliopita nilienda Gikomba peke yangu. Nikaokota moja safi, haina kutu hata chembe, nikaiinua juu nikuonyeshe. Kijana anayeuza vyuma akaniuliza, "Sasa unaonyesha nani, mzae?" Nikairudisha kwenye lundo, nikaenda zangu nyumbani. Nina upweke, jirani. Nyumba imejaa watu na hakuna hata mmoja wa kubishana naye kama mshikio ni wa asili au umebadilishwa.

Basi jana sikuweza tena. Nilichukua ile yako ya milango miwili, nikatia wembe mpya, nikakaa kizingitini na beseni, nikajinyoa kichwa chote. Mashine hizi ni za ndevu, kisogo haziyajui mambo yake. Nilijikata hapa na pale, mke wangu akaja akanimalizia nyuma.

Nilipotoka kuchota maji, mama mmoja mgeni katika ploti yetu alinikuta kwenye mfereji. Akatazama kichwa changu, akasema, "Pole, baba. Umefiwa na nani?"

"Ndugu yangu," nikamwambia.

Akaweka mtungi wake chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akanipa pole yote, Wekesa, kama mfiwa anavyopewa. Nikalia palepale, maji yakimwagika.

Pumzika sasa. Nywele zikianza kuota nitarudi Gikomba, na nitakayoiokota safari hii nitakuja nayo nyumbani.

Ndugu yako,
Mutua