Kuzunguka Mlima na Mama Wanja

Jumatatu, 10 Novemba. Chaka

Viazi tena. Asubuhi viazi, jioni viazi. Mama Wanja, mke wa mwanangu, amenunua ndoo nzima kabla hata hajafungua mizigo. Mgongo unaniuma. Nalala kwenye pikapu na niko na nyumba ya mawe Wamagana! Yeye na watoto, Wanja na Baraka, wako kwenye hema.

Mwanangu Mwangi yuko Doha kazini. Alikubali mkewe azungushe watoto mlima huu likizo yote ndefu kwa sharti moja: mimi niwepo. Nikisema si salama, safari imekwisha, wote nyumbani. Neno langu tu. Mama Wanja anajua. Hanibembelezi hata kidogo.

Jumanne, 11 Novemba. Chaka

Nimemchunguza siku nzima. Pa kulala hatulipi. Hema liko uani kwa kanisa, naye anashona majoho ya kwaya yaliyochanika. Cherehani amebeba yake. Jua likianza kushuka, gari linazimwa, hasafiri tena. Na kabla ya kupika anawazungukia akina mama wote wa soko, anawasalimia, anatutambulisha mmoja mmoja. Ati mimi ni mama yake. Nilijifanya sisikii.

Watoto wana sheria mbili. Hakuna kwenda peke yako. Na ukipotea, usitafute mtu: kaa kwa mama yeyote anayeuza, mwambie jina lako, ungoje. Nilimwambia hayo ni ya watoto. Mimi penye mlima sipotei.

Alhamisi, 13 Novemba. Nanyuki

Baridi! Hema uani kwa kanisa lingine, mapazia ya kushona tele.

Mlima wazi asubuhi. Baraka alikuwa anauchora, akauliza mbona umegeuka. Nilimwambia achore tu, mlima haugeuki.

Ijumaa, 14 Novemba

Aibu.

Nilitoka peke yangu kutafuta magadi ya kulainishia githeri, mahindi na maharagwe yetu. Simu niliiacha ikichajiwa. Kurudi nikafanya kama nyumbani nikitoka sokoni: mlima bega la kulia, twende. Nikatembea. Maduka yakaisha. Mlima uko palepale begani, kanisa halipo. Ndipo nikaelewa. Huku tuko upande wake mwingine, bega la kulia linanipeleka nisikokujua. Mtoto wa miaka sita aliliona hilo jana.

Kisha mawingu yakashuka, mlima wenyewe ukaondoka. Niliogopa. Nililia kando ya barabara, mtu mzima, mwalimu mstaafu.

Basi nikatii sheria ya watoto. Karibu na soko la mbuzi kulikuwa na mama Mwislamu akiuza maziwa ya ngamia. Nikakaa kando ya ndoo zake, nikamwambia jina langu. Akaniita bibi kwa lugha ya kwetu:

"Cucu, wewe kaa hapa, kunywa chai. Watu yako watakuja tu."

Akampigia simu mwenzake wa sokoni, huyo akampigia mwingine, mpaka habari ikamfikia muuza nyanya aliyesalimiwa na Mama Wanja jana. Kumbe kule kusalimia kote kulikuwa na kazi yake.

Mama Wanja akaja na watoto. Nilingoja acheke. Ningekuwa mimi ningecheka, tena sana. Aliketi chini kando yangu, akanifunika leso yake, akaomba chai naye.

"Mama, magadi ulipata?"

Basi, hayo tu. Haki, mwanamke huyu! Nampenda. Sijawahi kumwambia.

Jumapili, 16 Novemba

Mwangi amepiga simu. Mama Wanja akachukua ndoo akaenda mferejini, akaniacha niseme nitakalo.

Nilimwambia ukweli: aliyepotea ni mimi. Akashtuka. Ati safari iishe leo, anatuma pesa ya mafuta turudi. Nikamwambia kama anataka kuogopa, aogope huko huko Doha. Nikamwambia Baraka sasa anajua mlima kuliko mimi, Wanja anapima kitambaa bila kusaidiwa, na watoto hawa wako salama kuliko walivyokuwa kwangu likizo zilizopita. Ilinichoma kusema hivyo. Lakini ni kweli.

Mama Wanja alirudi na ndoo imejaa maji. Nikamwambia kesho ni Meru, safari inaendelea.

Akaweka ndoo chini, akalia mpaka mabega yakatikisika. Sikujua kwamba alikuwa ananiogopa hivyo.

Nikachukua yale maji, nikabandika chai mimi.