Kichupa Nilichokitengeneza Bila Pua

Chumba cha Juu,
Nyumba ya Ngazi za Chuma,
Nyuma ya Soko la Vitambaa.

Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu na za baba, yeye akiwa kitini mwake na mimi mezani. Vipi magoti yako? Shemeji naye, kile kifua kimepoa? Na bibi harusi wetu bado anakula, au ameshaanza kujinyima ili gauni limkae vizuri? Mwambie mama yake mdogo amesema ale. Gauni linaweza kupanuliwa, lakini uso uliokonda hauna fundi.

Huku sisi ni wazima kwa kadiri ya umri wetu. Baba anatembea na mkongojo wake mpaka mlangoni na kurudi, analalamikia ngazi, analalamikia chai, analalamikia jirani wa chini anayepigilia misumari. Akilalamika najua ni mzima. Mimi nimechoka, dada. Siandiki hivyo ili unihurumie. Nimechoka tu, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi mno.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kichupa kimoja. Nimekizungushia pamba na soksi mbili za baba, ambazo ni safi. Tafadhali usikifungue kabla hujamaliza barua. Nakujua.

Sasa nikuambie la moyoni. Nimekudanganya mara mbili. Mwezi wa pili uliponiomba nimtengenezee mwanao manukato yanayonukia kama marehemu mama, ili siku ya harusi bibi yake naye awepo japo kwa harufu, nilikujibu kwamba kwangu hilo ni jambo dogo. Mwezi wa nne nikaandika kwamba nimekaribia. Barua zote mbili niliziandika nikiwa sina pua. Ile homa ya mafua iliyonilaza mwanzoni mwa mwaka ilipoondoka, iliondoka na uwezo wangu wa kunusa. Nanusa sabuni, kimya. Nanusa kitunguu, machozi yanatoka na pua haina habari. Daktari wa masikio na pua aliniambia huenda ikarudi, huenda isirudi, kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Kazini sikumwambia mtu. Wewe kazi yangu unaijua kwa jina tu, kwa hiyo nikueleze kidogo. Siku hizi wanunuzi wa manukato wanataka maua ya Asia. Yanatufikia kiwandani yakiwa yameshakamuliwa, yamo kwenye mikebe ya alumini: asumini iliyochumwa ikiwa bado tumba, langilangi, champaka, yungiyungi la waridi. Bosi wetu, tunayemwita Mtunzi, ndiye anayeandika kipimo cha kila kitu. Mimi napima kwa mizani tone kwa tone, halafu nachovya kijikaratasi chembamba na kukinusa. Pua ikichoka, mtu ananusa kiwiko chake kwa ndani, kwa sababu harufu yako mwenyewe pua yako haiihesabu, kwa hiyo inapumzika. Ukiingia maabara wakati huo utatukuta watu wazima sita tumeinamia viwiko. Utadhani tuna msiba.

Asumini nayo si mpole kama watu wanavyoidhania. Ndani yake mna kaharufu kachafu, ka zizi, kadogo sana. Mtunzi husema ukikaondoa hako unabaki na sabuni ya hoteli. Miaka kumi na tisa nimekuwa mimi ndiye ninayejua kamezidi au kamepungua. Ndiyo heshima niliyonayo pale, sina nyingine.

Mwezi uliopita mkebe mpya wa asumini uliingia. Mtunzi alichovya vijikaratasi viwili, kimoja kwa mafuta ya zamani na kimoja kwa haya mapya, akavibana kwenye kishikizo. Pembeni yake palikuwa na cha tatu, kikavu, hakijachovywa popote. Mimi nikachukua hicho. Nikakinusa, nikafumba macho kama kawaida yangu, nikasema mzigo huu umetulia na una utamu wa matunda kwa chini. Mtunzi alikuwa ameshageuka kuandika. Lakini mtunza stoo alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Ni mama mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, tunamwita Kufuli, ingawa mdomo wake haujawahi kufungwa. Siku hiyo ulifungwa. Alingoja mpaka mchana tulipokuwa tunakula, akanisogelea na kusema kwa sauti ya chini:

"Mwenzangu, leo umeisifu karatasi."

Nililia mbele ya chakula, dada, mtu mzima mimi. Kufuli hakunitangaza. Kuanzia siku hiyo akawa ananinusia kwa siri, akinipa ishara kwa funguo zake: mtikiso mmoja sawa, mitikiso miwili hapana. Tulicheka, lakini kicheko cha aina hiyo hakikai. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa naficha maradhi kwenye kazi ya watu.

Nyumbani nilikuwa na kazi yako. Pua sikuwa nayo, ila nilikuwa na mizani, nilikuwa na kumbukumbu, na nilikuwa na baba. Nikasema, mama si alikuwa akijipaka mafuta ya asumini kutoka kile kichupa chenye kifuniko cha shaba? Basi nikapima asumini, nikaweka langilangi kidogo ya kuilainisha, na msandali wa kuishika isiruke. Nikamchovyea mzee karatasi Jumapili moja baada ya chai. Akainusa, akanirudishia.

"Hii ni asumini," akasema. "Mama yenu hakuwa kichaka."

Jumapili iliyofuata akasema ni bibi harusi wa mtu mwingine. Iliyofuata akasema bado. Nilimuuliza kinachokosekana ni nini, akakasirika, akasema angekijua angekwenda kiwandani yeye na mimi nikabaki kumsikiliza jirani akipiga nyundo. Jumapili sita zikapita hivyo. Napunguza, naongeza, na mimi mwenyewe sijui ninachopunguza wala ninachoongeza. Hebu fikiria unapika chungu kizima bila kuonja, na anayeonja ni mzee mwenye hasira.

Jumapili ya sita nilimwambia tuache, pua yangu imechoka. Akaniambia kwamba anajua pua yangu haipo. Alijua tangu siku ile maziwa yalipoungua jikoni na mimi nimekaa kando ya jiko nasoma gazeti. Alikuwa anangoja nimwambie mwenyewe. Niliona aibu, lakini nilipumua pia, maana kudanganya ndani ya vyumba viwili ni kazi nzito kuliko ya kiwandani.

Wiki hiyo hiyo Kufuli alikuwa anabandika majina kwenye mzigo mdogo kutoka mashariki ya mbali. Kulikuwa na kimkebe kinachotosha kiganjani, cha ua linaloitwa osmanthasi. Ni ua dogo la rangi ya chungwa, sikuwahi kulipima. Kila mkebe huja na kadi inayoeleza harufu yake, na mimi tangu niugue nimekuwa msomaji wa kadi kama mwanafunzi. Hii iliandikwa maneno machache tu: pichi lililoiva, chai, ngozi mpya.

Nilisimama palepale stoo na kadi mkononi. Dada, unaukumbuka msumari wa karakana ya baba? Ule wa kushoto, juu ya benchi la kushonea viatu. Mama alikuwa akitoka kazini kwake anatundika mtandio wake pale, katikati ya vipande vya ngozi, anakaa kwenye benchi na kumsimulia baba habari za siku nzima huku baba akiwa na misumari mdomoni, hawezi kumjibu. Miaka yote ile. Akija kutulaza mtandio ulikuwa umerudi mabegani. Wewe na mimi tulijua hiyo ni harufu ya mama. Nusu yake ilikuwa karakana. Ndiyo maana mzee alishindwa kuniambia kinachokosekana. Kilikuwa yeye.

Alhamisi nikaenda kwa Mtunzi na mambo mawili. La kwanza nilimwambia kwamba sina pua, tangu lini, na habari ya karatasi kavu. Jina la Kufuli sikulitaja. La pili nikamwomba gramu mbili za osmanthasi kwa ajili ya familia yangu. Aliinamisha uso kwenye kiwiko chake, sijui kama alikuwa anapumzisha pua au anajificha. Aliniambia nitabaki kwenye mizani mpaka mwaka uishe, kunusa atanusa mwingine, na baada ya hapo tutaonana. Hakunifukuza, wala hakunihakikishia kitu. Zile gramu mbili alizipima mwenyewe.

Jumapili iliyopita nikamchovyea baba karatasi ya saba. Aliinusa, akaishusha, akainua tena. Nikamuuliza kama ni mama.

"Usiniharakishe," akasema.

Alitazama ukuta muda mrefu, kisha akaitia karatasi kwenye mfuko wa shati, lile la mistari lililokatika kifungo cha pili, akaomba chai. Chai ilikuwa imepoa na hakuilalamikia.

Basi ndicho kilichomo ndani ya kichupa. Harusini sitakuja, hilo unalijua, mzee hashuki ngazi na sina wa kumwachia. Kichupa kitakuja badala yangu. Mpake mwanao nyuma ya masikio na kwenye mikono, kidogo tu, maana asumini ikizidi hukumbuka zizi. Lakini kabla yake ukifungue wewe, peke yako, madirisha yakiwa yamefungwa, na uniandikie unachokisikia. Usiniandikie "nzuri" ili kunifurahisha. Niandikie kwa maneno mengi, kama unavyomwelekeza njia mtu asiyeona. Katika familia nzima ni mimi tu niliyemtengeneza mama na ni mimi tu ambaye sijamsikia.

Msalimie shemeji, na yule mwanao wa kiume mwambie viatu vya harusi avivae ndani ya nyumba wiki mbili kabla, ni agizo la babu yake fundi. Msalimie shangazi, na akiuliza kwa nini siolewi mwambie bado nanusa wachumba. Mungu aibariki nyumba mpya ya mwanetu, iwe na mtu wa kusimulia na mtu wa kusikiliza, hata kama ana misumari mdomoni.

Baba anakusalimu. Ni wiki nzima sasa hajalivua lile shati la mistari. Nimefua mashati yake yote isipokuwa hilo. Juzi Kufuli alikuja kututembelea, akanivuta jikoni na kuninong'oneza kwamba mzee ananuka jasho. Nilimwambia mimi sisikii kitu, na shati nikaliacha.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
yule uliyempa jina alipomeza kifungo cha koti lako,

Kifungo