Mchungwa wa Nyuma ya Nyumba ya Theopista

Kariakoo, 3 Juni 1956

Dada Severa,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, nalala, ila kunguni wananizidi ujanja. Mgongo wako je?

Machungwa yamefika na lori. Dada, haya ni machungwa au yameugua ndui? Yana vipele vya kahawia, mengine yana masizi kama sufuria. Vasant, yule Mhindi anayeninunulia, kageuza moja mkononi: "Anselmi, hii chungwa imetoka jikoni?" Karudisha gunia zima. Nikayamenya, nikauza yakiwa uchi. Mteja hajui sura ya chungwa lililovuliwa nguo!

Miti ya baba imepatwa na nini? Au shemeji Theopista kaitazama? Mjane wa kaka yetu yule, akikutazama maziwa yanaganda. Nisalimie mchawi wangu.

Mdogo wako,
Anselmi

Kilema, 24 Juni 1956

Mdogo wangu,

Marahaba. Naamka, mgongo ni ule ule.

Uliyoandika juu ya wifi yamenishtua. Kumbe hata wewe wa mbali umeona! Majani yanazidi kuwa meusi, sisimizi wanapanda mashina kama wanakwenda misa. Na yeye nimemkuta alfajiri akikwangua kwa ukucha mchungwa wa nyuma ya nyumba yake, anaimba chinichini, kisha anaumwagia maji ya bakuli. Namwuliza, anasema, "Naua wadudu, wifi." Wadudu gani? Vipele vile havina miguu, havitembei.

Barua yako nimempa baba mdogo Melkiori. Ukoo utakaa Jumapili ya pili ya Julai, wengi wanataka aondoke. Miti ikifa nitakula nini?

Dada yako,
Severa

Kariakoo, 8 Julai 1956

Dada,

Shikamoo. Barua yako imelala dukani kwa Vasant, mimi nilikuwa Kivukoni nabeba mizigo. Nimeisoma leo.

Ule ulikuwa utani! Mwambie baba mdogo, utani mtupu!

Maganda nilishampelekea bwana shamba, kayatazama kwa kioo cha kukuzia. Kasema kile kipele ndiye mdudu mwenyewe. Kajifunika gamba, kajibandika, ananyonya utomvu, atembee kwenda wapi? Anatoa maji matamu, sisimizi wanayafuata na wanamlinda kama askari wa benki. Masizi ni ukungu unaoota juu ya utamu huo. Kwangua kwa ukucha: kikibanduka na kidole kikilowa, yu hai. Dawa ni maji ya sabuni, sugua matawi, zuia sisimizi.

Dada, si ndiyo kazi aliyokuwa akifanya Theopista? Msimfukuze. Nakuomba.

Mdogo wako,
Anselmi

Kilema, 19 Agosti 1956

Mdogo wangu,

Marahaba. Afya ipo, usingizi hakuna.

Barua yako imefika kikao kimekwisha. Baba mdogo aliisoma ile ya kwanza mbele ya watu, penye neno mchawi akarudia. Theopista akasema, "Anselmi ananitania tangu siku ya harusi yangu." Nani angemsikia? Akafunga khanga zake, akaondoka. Hakulia.

Nimekwangua. Kidole kimelowa.

Michungwa ya baba inakauka kuanzia juu. Ule wa nyuma ya nyumba yake ndio pekee wenye majani ya kijani, na umezaa. Nimekujazia kikapu. Usiuze. Watu wanasema alipanda basi la Dar. Mtafute, mpe, mwambie nyumba yake iko wazi.

Dada yako,
Severa

Kariakoo, 30 Septemba 1956

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nimemtafuta Ilala, Buguruni, kanisani, kwa akina mama wa kwetu wanaouza ndizi sokoni. Mmoja wao, Agnesi, alimwona Kivukoni akingoja pantoni. Anasema alimwambia, "Shemeji yako Anselmi yuko hapa hapa mjini, Kariakoo, nikupeleke?" Akajibu, "Huyo mtu wa utani, mwache." Akavuka. Nami nimevuka, nimeuliza Kigamboni nyumba kwa nyumba. Hakuna anayemjua.

Vasant kakiona kikapu chako. "Hii safi kabisa! Leta, nakupa bei nzuri." Nikamwambia hayauzwi. Kacheka sana, kadhani natania.

Yapo chini ya kitanda. Yameanza kulainika.

Mdogo wako,
Anselmi